Koo Lililohamia Utosini

Mimi msusi. Macho yangu yamo vidoleni.
Ninajua nani ana mba, nani amebabuka kwa dawa,
nani nywele zinamtoka kwa mawazo na anasema ni maji ya kisima.
Miaka kumi na tisa hapa Tandika, kibaraza kilekile,
benchi lilelile lenye msumari mmoja mkaidi.

Nakiete huja mwisho wa mwezi.
Hataki rasta, hataki mbwembwe.
“Siwatu, niweke twende kilioni.
Msiba sina, ila nani ajuaye.”

Nilikuwa mstari wa nne.
Chanuo likagota kwenye kitu laini,
laini kama andazi bichi chini ya kitambaa.
Nikaweka kidole.
Kikadunda.

Moyo wake, pale, utosini,
mahali ambapo moyo hauna shughuli.

“Nilijigonga kabatini,” akasema.
Lini?
Akanyamaza. Mtu aliyejigonga hukumbuka kabati.

Akaondoka nusu kasukwa, nusu timutimu,
khanga kichwani, na hela yangu kalipa yote.

Mwananyamala wakampeleka Muhimbili.
Muhimbili wakachoma sindano, wakasema subiri.
Wiki tatu. Nilikuwa nikisuka vichwa vya watu
na kila kichwa nakipapasa mara mbili.

Daktari hakuangalia utosi. Aliangalia shingo.
“Hili kovu?”
“Rovu. Usangi, nikiwa msichana. Likakatwa, likaisha.
Kwetu nusu ya kijiji tulikuwa nalo.”
Ndipo akamwambia: nyama hii ya kichwani
si ya kichwani. Ni ya koo.
Imepita kwenye damu, miaka na miaka, bila kubisha hodi.
Na punje nyingine ipo kwenye figo la kushoto.

Nakiete alinisimulia akicheka, mkono mdomoni:
“Koo langu limehamia ghorofani, Siwatu,
na kodi halilipi!”
Mimi sikucheka. Saratani ya titi naijua,
ya kizazi naijua, hutangazwa redioni.
Hii ya kutoka shingoni ikapanga utosini
sikuwa nimeisikia hata kwa umbea.

Ocean Road, binti wa mionzi akamweleza taratibu:
tezi la shingo hula madini ya chumvi,
na seli zake, hata zikihama, hata zikijigeuza sura,
njaa yao ni ileile.
Basi tutakupa madini hayo yenye moto ndani.
Hatuzifuati. Zitakuja zenyewe mezani.

Hapo nikaelewa, mimi wa darasa la saba.
Mji huu wote tumehamia.
Muone Mpare wa Mbagala, miaka arobaini,
anabishana bei kama mzaliwa wa Kariakoo;
pitisha sufuria ya makande dirishani kwake
uone shingo inavyogeuka.

Alimeza kidonge kimoja.
Siku nne chumba cha peke yake, sahani inasukumwa mlangoni,
muuguzi anamsalimia akiwa mbali, kama mdaiwa.
Nyumbani tena, wiki nzima na zaidi,
mjukuu wake Kirita akilia uani
na bibi amekaa upande wa pili wa kamba ya nguo,
anamwimbia, hambebi.

Jumamosi iliyopita akaja. Kakonda kidogo.
Akakaa pale pale penye msumari, akavua khanga.
“Malizia.”
Mikono ikawa mizito. Nimesuka maharusi,
nimesuka maiti mmoja, mikono haijawahi kuwa hivi.
“Mtindo?”
“Uleule. Ila utafute jina jingine.”

Nikasuka. Nilipofika pale nikapinda mstari,
ukazunguka kama njia ya miguu inavyokwepa shimo,
ukarudi, ukaendelea kisogoni.
Nilikiacha kidole kimoja juu yake kidogo.
Kulidunda. Dhaifu kuliko siku ile, nadhani.
Au ilikuwa damu ya kidole changu mwenyewe.

Jina bado sijalipata.